Kumwahi Kadzo kwa Kabureta Iliyoziba

Wenzangu wa stegi ya bodaboda, tangu nirudi kila mmoja ananiuliza kivyake, na kila nikimjibu mmoja, yeye anakwenda kumwambia mwingine kitu ambacho sikusema. Juzi nimesikia eti nililala mahabusu Kilifi. Sikulala. Jana nimesikia eti nimempiga mkwe wangu mama mzima. Sikumpiga. Basi nimekaa nikaandika yote, asiyejua kusoma asomewe, tumalize. Shule yangu mwaijua ilivyokuwa fupi, msitafute maneno makubwa humu. Na waliokosa nitawataja kwa majina. Atakayeliona jina lake na anifuate Sabaki, mwapajua kwangu.

Kwa wale wageni pale stegini: mimi ni baba yake Kadzo. Mama yake, Sidi, alikufa katika ajali ya basi. Dereva aliitwa Mwaringa, na siku ile alikuwa akishindana na basi jingine, abiria wanampigia kelele apunguze, yeye anacheka. Mimi nilitoka na goti la kulia ambalo halikunjiki tena. Tangu hapo sijapanda chombo chenye magurudumu manne. Nikiwa bado hospitalini, Katana, kaka yake Sidi, alimchukua mtoto akaenda naye kwake Kuruwitu. Sisemi alimnyima chakula. Nasema hakunirudishia.

Haya.

Sabaki, juu ya ungo

Asubuhi ile nilikuwa nimeifungua kabureta uani. Pikipiki ilikuwa ikikohoa tangu mvua zilipoanza, na mimi fundi wangu ni mkono wangu. Niliazima ungo kwa jirani nikaziweka skrubu zote humo, maana skrubu ikianguka kwenye mchanga wetu, hiyo imekwenda.

Nyinyi mnaopeleka pikipiki kwa fundi mkakaa kivulini kupiga soga, hamjui mnachokosa. Ukitoa lile bakuli la chini unakuta boya dogo, linaelea juu ya petroli, likipanda linafunga mlango, likishuka linafungua. Hakuna anayeliamrisha. Kisha kuna jeti mbili, viskrubu vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli. Ile kubwa tundu lake unaliona. Ile ndogo, ndiyo inayoifanya pikipiki ipumue pole pole ikiwa imesimama, tundu lake ni kama mdomo wa mbu. Mimi nimeishika mara nyingi na kila mara nashangaa. Chuma chote kile, na mtu mzima juu, na magunia mawili ya makaa nyuma, kinategemea kitundu ambacho hata chungu hapiti.

Ngumbao, jirani yangu mgema, alikuja na siki ya mnazi kwenye kibuyu. Hiyo dawa yake ni ya kweli, simnyimi sifa. Jeti ukiziloweka humo kidogo zinatoka zinang'aa kama pete. Ila usitie kabureta yenyewe, italika, na ukishatoa uoshe kwa petroli. Hayo tuliyafanya vizuri. Lakini ile jeti ndogo ilikuwa bado na uchafu, na mimi nikaingia ndani kutafuta uzi wa waya. Ngumbao akaniita.

"Baba Kadzo, waya wa nini? Chukua hii." Alikuwa amechomoa chelewa moja kwenye ufagio wa mkewe.

"Ngumbao, hiki ni kijiti."

"Ndiyo uzuri wake. Waya unakwaruza shaba. Chelewa ni laini. Mimi nimezibua jiko la stovu la mama watoto kwa chelewa hii hii."

Nikachokoa. Ikaingia, nikazungusha, ikatoka. Nikaridhika. Hapo ndipo simu ikalia.

"Shemeji, hujambo?" Alikuwa Katana.

"Sijambo. Leo umeikumbuka namba yangu?"

"Kadzo anaondoka. Amepata kazi Uarabuni. Gari linakuja kumchukua njia panda hapa, adhuhuri ikishapita."

"Leo?"

"Leo."

"Na wewe umejua lini?"

"Tungekwambia mapema, ungekuja na kelele zako."

Nilitaka kumpa hizo kelele pale pale, lakini Kadzo alikuwa ameshamnyang'anya simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nihatse kwa simu."

Kwa msiokuwa Wagiriama: mtoto akienda mbali, baba yake hutia maji kinywani, akampulizia kifuani, kisha akasema maneno ya kumtakia heri. Hiyo ndiyo kuhatsa. Mama yake akiwa hai angesimama kando akaitikia. Mtoto aliyeondoka bila hayo, likimpata la kumpata, mzazi ataulizwa na ukoo mzima, na atajiuliza mwenyewe zaidi.

"Baraka haziendi kwa simu, mwanangu. Maji hayapiti humu."

Akacheka kidogo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hapa kila mtu ananiambia nenda, nenda. Wewe njoo, baba."

Nikafunga kabureta mbio mbio. Nikasimama kando ya pikipiki, nikapiga kiki kwa mguu wa kushoto, mzima ule, nimevuta choki. Ikawaka. Nikakaza mkono, ikanguruma vizuri ajabu, bila kikohozi. Nikaachia. Ikazima. Nikawasha tena. Nikaachia. Ikazima.

"Si inaenda?" Ngumbao akasema. "Wewe usiachie tu."

Darajani mpaka Shella

Kwa hivyo ndivyo nilivyoondoka, mkono umekaza, nimepandisha ile skrubu ya mngurumo mpaka mwisho, pikipiki inalia kama inachinjwa. Nyinyi wenyewe mliniona nikipita stegini bila kuwapungia. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mafuta na mwingine kwenye klachi. Mkono wa kupunga nilikuwa sina.

Daraja la Sabaki huwa nalipita kila siku kama mtu anavyopita mlango wake. Siku ile, kwa vile sikuweza hata kugeuza kichwa kwa mtu, nilitazama maji. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu kama udongo wa kukandikia nyumba, na kule chini mdomoni ulikuwa unaingia baharini hautaki kuchanganyika. Nyekundu upande huu, buluu upande ule, na mstari katikati kama umepigwa rula. Maji yametoka bara huko sijui kwa nani, yamepita mashamba ya watu nisiowajua, na hapo yanaagana na nchi. Nikasema, Kadzo, ngoja.

Malindi ikaniweza. Karibu na Shella punda mmoja wa mkokoteni alikata shauri kusimama katikati ya njia, na mimi nikasimama, na pikipiki ikafa. Bahati ilikuwa nje ya kibanda cha mzee Athmani, fundi wa zamani wa pale.

"Shikamoo, mzee Athmani."

"Marahaba. Mbona wajipigia makelele asubuhi yote hii?"

Nikamweleza, na nikamwambia nina haraka ya mtoto. Akaosha mikono.

"Keti unywe chai kwanza. Mimi na njaa siioni hata skrubu."

Hapo nilikaa juu ya miiba. Mahamri na mbaazi yaliletwa kwenye sinia, na mzee Athmani halahala hana, anachovya, anatafuna, ananiuliza habari za mto. Nitasema kweli hata kama nilikuwa na hasira: mbaazi zile zilikuwa na tui zito, na nilikula. Kisha akachomoa plagi, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Plagi hii imekwisha, bwana. Imeshakuwa nyeupe kama mfupa."

Akatia nyingine. Ikawaka. Nikaachia mafuta. Ikazima.

"Ahaa," akasema. "Basi si plagi."

"Ni nini?"

"Yaweza kuwa hewa yaingia pahali. Yaweza kuwa jeti. Lakini jeti wasema umeisafisha."

"Nimeisafisha."

"Umeisafisha kweli?"

"Kwa siki ya mnazi, mzee, ikang'aa."

Akafikiri. "Basi nenda hivyo hivyo. Usiachie mafuta mpaka umwone mtoto." Na akanisukuma mwenyewe mpaka ikawaka, kanzu ameikunja kiunoni.

Mzee Athmani simtii katika waliokosa. Alifanya alichoweza. Ila mahamri yale yalichukua muda.

Gede: mkwe kando ya barabara

Sasa hili ndilo mnalolisema sana, lisikilizeni lilivyokuwa.

Mama yake marehemu Sidi anakaa Gede. Mwajua mtu na mkwewe: ukikutana naye njiani unashuka kwenye chombo chako, unasimama kando, unainamisha macho, unamwamkia, unamsikiliza mpaka akuruhusu. Hata kama nyumba yako inaungua. Mimi miaka yote nimefanya hivyo, wala hakuna siku nilimkosea mama yule.

Nilipoingia Gede nikamwona kwa mbali, amesimama kando ya barabara na kikapu chake, tena mbele ya tuta. Tuta, jamani. Katika barabara yote ile alichagua tuta.

Kwenye tuta ni lazima upunguze. Nikipunguza, inazima. Ikizima, kuna kiki na goti langu na dakika zisizojulikana. Njia ilikuwa moja: kushika klachi na kukaza mafuta, ili chuma kilie huku gurudumu linakwenda pole. Kwa hivyo nikafika mbele ya mkwe wangu taratibu kabisa, usoni pake hasa, nikamngurumishia pikipiki.

"Mkwe, shikamoo! Siwezi kusimama!" nilipiga kelele.

Haki ya Mungu, sikujisikia mimi mwenyewe. Kuku walitawanyika. Mama yule alirudi nyuma hatua, akaweka mkono kifuani, akanitazama vile ambavyo sijatazamwa tangu nizaliwe. Mimi macho nimeinamisha, heshima yote ninayo, lakini heshima ya macho haina sauti, na ile pikipiki ilikuwa nayo. Nikalivuka tuta. Kwenye kioo nikamwona anatoa simu.

Kurudi nilishuka pale. Nilisimama kando, nikamwamkia, nikamweleza yote tangu siki mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa uliona aibu?" Nikasema niliona. Akasema, "Basi kunywa maji." Limekwisha. Wanaoliendeleza ni nyinyi.

Msituni, na afande

Baada ya Gede barabara inaandamana na msitu wa Arabuko. Sijui niseme nini juu ya msitu ule. Ukiwa ndani ya gari, nakumbuka, ni ukuta wa kijani tu. Juu ya pikipiki unapita ndani ya pumzi yake: mara ubaridi, mara harufu ya majani yaliyooza, mara joto tena. Siku ile vipepeo weupe walikuwa wanavuka barabara, maelfu, kutoka msituni kwenda upande wa bahari, chini chini, kimo cha magoti. Walinipiga kifuani kama karatasi zilizochanwa. Sikuweza kusimama kwa ajili ya mkwe, na vipepeo nao nikawapita. Nilifikiri, hawa nao wanakwenda, na hakuna hata mmoja anayeuliza nani atawapokea.

Karibu na Matsangoni kulikuwa na kizuizi cha polisi. Afande kijana, sura ya bara.

"Zima pikipiki."

"Afande, nikiizima haiwaki."

"Nimesema zima."

"Afande, mtoto wangu..."

"Mzee, nikikuuliza mara ya tatu itakuwa kitu kingine."

Nikaachia mkono. Haikuhitaji kuzimwa. Pakawa kimya. Akakagua alichotaka kukagua, akakiona kiko sawa, akasema haya enda. Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka, na ule wa kulia haunisaidii kitu. Afande alinitazama, akatazama goti langu, akatazama barabara huku na huku.

"Hiyo mguu ilifanya nini?"

"Dereva anaitwa Mwaringa," nikamwambia. "Mwandike."

Hakuandika. Alivua kofia, akaitia kwapani, akanisukuma. Alinisukuma mbio mpaka ikawaka, na nikasikia nyuma yangu akisema, "Enda, mzee! Enda!" kama watu wanavyoshangilia mpira. Kwa hivyo huyo naye simtaji, na hata jina silijui.

Njiani Kadzo alipiga simu. Sikuweza kushika. Iliita mfukoni mpaka ikakata, ikaita tena. Nililia kidogo ndani ya kofia ya chuma. Huko hakuna anayekuona.

Kilifi, penye jiko la Mama Achieng'

Kabla ya soko la Kilifi matuta yamepangwa kama meno. Kwenye mojawapo pikipiki ikafa, na safari hii ikafa kweli kweli. Kiki, hakuna. Choki, hakuna. Mguu ukagoma. Nikaiburuta mpaka kando, kwenye kivuli cha mwavuli wa mama mmoja anayekaanga samaki, nikaanguka juu ya jiwe.

"Wewe mzee, unanizibia wateja."

"Mama, nimekwama."

"Sawa, kwama hapo mbele kidogo."

Jina lake Mama Achieng', kwao ni huko ziwani. Nilimwomba sinia kuukuu la kuwekea skrubu, akanipa bila kupenda. Nikaitoa kabureta mara ya pili siku ile. Bakuli safi. Boya safi. Jeti kubwa safi. Nikatoa ile ndogo, nikaielekeza mbinguni, nikafumba jicho moja.

Giza.

Nikaipuliza. Haikupita pumzi. Hapo nikaikumbuka chelewa. Nilikuwa nimeitupa ndani ya mfuko wa spana. Nikaitoa, nikaitazama ncha yake, na ncha hakuna. Imekatika, butu kama kidole. Nikampigia simu Ngumbao.

"Ngumbao, chelewa yako imekatikia ndani ya jeti!"

"Aa? Pole."

"Pole? Niko Kilifi!"

"Umefika mbali, basi. Ichokoe itoke."

"Niichokoe kwa nini?"

Akafikiri. "Kwa chelewa nyingine."

Nilikata simu. Ngumbao, unasoma haya au unasomewa, nakutaja hapa mbele ya watu: ni wewe. Kwa siki nakushukuru.

Nilikaa nikitazama kile kidude kiganjani. Binti yangu yuko upande wa pili wa daraja la Kilifi, na kati yangu na yeye kuna kipande cha ufagio cha urefu wa punje ya mchele. Waya ningepata wapi wa wembamba ule, na ningekisukuma kingezidi kukaza. Nikainua macho, nikaona jiko. Makaa yalikuwa mekundu, mafuta yanachemka kwenye karai. Nikajiambia: shaba haiungui, kijiti kinaungua.

"Mama, naomba moto wako kidogo."

"Wa sigara?"

"Nataka kutia hiki ndani." Nikamwonyesha.

Mama Achieng' alisimama wima, mwiko mkononi. "Apana! Apana, mzee! Nyinyi watu wa huku na madawa yenu! Utie hiyo kitu kwa moto yangu, alafu samaki yangu nani atanunua?"

"Si dawa, mama. Ni jeti."

"Jeti ya nini?"

"Ya kabureta. Binti yangu anakwenda Uarabuni leo, lazima nifike nimpulizie maji kifuani..."

"Si unaona! Si unaona ni dawa!"

Watu wakaanza kusogea. Mmoja akasema mimi nimetoka Malindi kuja kuua biashara za watu. Nikaona nimejieleza nikazidi kuharibu. Nikaiweka jeti juu ya sinia, nikafungua mikono miwili.

"Mama Achieng'. Mimi nina mtoto mmoja. Mama yake amekufa. Kina mjomba wake wamenificha mpaka leo. Gari linamchukua sasa hivi hapo mbele, na pikipiki imezibwa na kijiti. Kijiti nataka kiungue. Ni hayo tu."

Akanitazama. Akageuza samaki mmoja, akageuza mwingine.

"Dada yangu alienda huko," akasema. "Ile siku alienda sisi tulikuwa sokoni. Ati biashara. Hakuna mtu alimshika hata mkono. Kila Jumapili alikuwa analia kwa simu."

"Alirudi?"

"Alirudi. Lakini mimi hiyo siku sijawai sahau." Akaliinua karai kwa matambara, akaliweka chini. "Tia. Na mimi natazama."

Nikaitia kwa koleo lake, pembeni, isipate moto wa kuiyeyusha. Ikakaa. Kikatoka kimoshi chembamba, uzi tu, ukanyooka juu ya makaa kama mtu ameandika mstari. Kisha moshi ukaisha. Nikaitoa, nikaiacha ipoe yenyewe, sikuimwagia maji. Nikaipuliza, na jivu dogo likaruka. Nikaielekeza mbinguni.

Ndugu zangu. Katika kile kitundu kulikuwa na mbingu. Si mwanga tu, mbingu, buluu yake ile, na wingu moja likipita, yote imeingia mahali ambapo sindano haiingii. Nimeona bahari, nimeona hospitali, nimeona watu wakifa, wala sijawahi kuona kitu kizima kikiingia katika kitu kidogo namna ile. Nikampa Mama Achieng'. Akafumba jicho.

"Woi," akasema polepole. "Iko na mawingu ndani."

Yule aliyesema nimekuja kuua biashara akaomba naye aone. Kisha mwingine. Wakapanga foleni wateja wa samaki, kila mmoja anafumba jicho, anaitazama mbingu kupitia jeti ya pikipiki, anampa wa nyuma. Ilibidi niwanyang'anye.

Nikaifunga. Kiki ya kwanza, ikawaka. Nikaachia mafuta. Ikatulia. Taratibu, laini, kama mtu aliyelala vizuri. Mama Achieng' alinifungia kipande cha mkia wa samaki kwenye gazeti. "Usifike kwa mtoto na uso wa njaa," akasema. "Atafikiri umekuja kulia."

Daraja na mkonge

Kutoka pale sina mengi, maana nilikwenda. Juu ya daraja la Kilifi nilipunguza kwa makusudi, kwa raha ya kupunguza tu, na pikipiki haikuzima. Chini kule mkono wa bahari umeingia bara, kijani, umetulia. Miaka yote nilikuwa nimelichukia daraja lile kwa sababu ndiyo njia Katana aliyompitishia mtoto wangu. Siku ile nililiona zuri mpaka nikakasirika.

Kisha Mnarani, kisha mashamba ya mkonge, mistari na mistari, inazunguka ukipita kama spoki za baiskeli. Samaki nilimla kwa mkono mmoja. Njiani nilikuwa napanga nitakachomwambia Katana. Nilikuwa nayo mengi, nimeyapanga kwa zamu, la mwanzo kabisa likiwa jina la marehemu dada yake.

Njia panda ya Kuruwitu

Gari lilikuwa limeshawaka. Jeupe, dogo la abiria, mizigo imejazwa nyuma mpaka kwenye dari. Nikaona uso wa Kadzo kiti cha mwisho, dirishani, kwenye kioo kisichofunguka. Akanipigia kioo kwa viganja viwili.

Niliiegesha pikipiki bila kuizima. Katana alikuwa amesimama mlangoni mwa gari.

"Umefika," akasema. "Kwanza nieleze ulimfanyia nini mama yangu Gede."

"Mtoe mtoto."

"Mama amepiga simu analia! Umemngurumishia pikipiki usoni!"

Dereva, mtu mwenye ndevu za mvi, alitoa kichwa. "Mzee, nikifungua nyuma mizigo yote inashuka, na mingine imembana miguuni, hatoki. Na tumeshachelewa. Ukimtaka ingia wewe."

Ingia wewe. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na harufu ikanijia, ile ya viti vilivyopigwa jua na petroli na jasho la watu. Harufu ile ile. Miguu ikakataa. Ule mbovu na ule mzima, yote. Nilikuwa nimeshika ukingo wa mlango.

Msichana mmoja wa kiti cha mbele, simjui, alikuwa na chupa ya maji. Nikanyoosha mkono. Akanipa bila kuuliza. Nikajaza kinywa.

Na hapo, jamani, nikawa siwezi kusema. Katana anaendelea sikioni mwangu, mama yangu hivi, adabu yako hivi, na yote niliyompangia tangu Mnarani yamejaa nyuma ya meno, na mbele yake kuna maji. Nikifungua mdomo nayamwaga, na ya Kadzo ndiyo hayo. Nikamtazama tu. Sijui aliona nini. Akanishika kiwiko, upande wa mguu mbovu, akanisukuma kupanda.

Nikaingia. Nilipita viti nikivishika kimoja kimoja, goti limenyooka kama mti, wasichana wenzake wa safari wanajibana wanipishe. Kadzo alikuwa amefungua leso kifuani. Amefanana na mama yake mpaka inaumiza. Nikampulizia. Maji yakampiga shingoni na kifuani, akafumba macho.

Nikasema, "Uende na macho yako, urudi na macho yako. Mkono utakaokushika uwe mwepesi. Mama yako na akutangulie mlangoni. Ukichoka, ujue nyumba iko Sabaki."

Nje, mtu akaitikia, "Taire," kama kusema amina. Alikuwa Katana, amesimama mahali ambapo dada yake angesimama.

Kadzo alinikumbatia, nikalowana na mimi. Nilipogeuka kutoka, yule mwenye chupa akanizuia.

"Baba, na mimi."

"Babako yuko wapi?"

"Hakuja."

Na wa nyuma yake akasema hakuja wake pia, na mwingine akasema wake yuko Mariakani hajui. Wako waliokuwa wamevaa misalaba na mmoja amefunga hijabu, huyo akanyoosha viganja vyake badala ya kifua, nikampulizia viganja. Nilitia maji kinywani mara kwa mara, nikapuliza, nikasema maneno yale yale, na kila mara Katana akaitikia nje. Nilisahau nimo ndani ya gari. Nilikumbuka tu nilipokuwa nashuka, mguu mmoja chini.

Dereva alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, ananitazama. Amevua kofia, amefungua kifungo cha shati.

"Na mimi, mzee," akasema. "Barabara ni mbaya."

Dereva. Niliishika chupa ile nikaitazama. Kulikuwa na maji kidogo chini. Nikayatia kinywani, na kwa muda nikakaa nayo hivyo, macho yangu kwenye macho yake, na jina la Mwaringa liko pale pale kooni, halipandi wala halishuki. Nyuma yake, kiti cha mwisho, kulikuwa na uso wa Kadzo, bado una maji.

Nikampulizia. Nikamwambia neno moja tu.

"Wafikishe."